Kanuni ya Mtakatifu Benedikto na saa za kazi yetu



Kuna vitabu ambavyo watu huvisifu sana bila kuvisoma. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ni kimoja chao. Tulipokuwa seminari tulikisikia kikisomwa kidogo kidogo wakati wa chakula, nasi tulikuwa na njaa. Masikio yalikuwa kwa msomaji, macho yalikuwa kwa sahani. Tukatoka huko na neno moja tu, kwamba Mtakatifu Benedikto alifundisha watu kusali na kufanya kazi. Tukaridhika na neno hilo miaka mingi.

Mwaka jana tulikisoma upya, chote, tangu maneno ya kuanza hata sura ya 73, ambayo ndiyo ya mwisho. Hatukukisoma kwa kujifurahisha. Tulikisoma kwa sababu ya shauri lililotupata katika parokia yetu, kando ya ziwa Kivu. Tutalieleza kwanza shauri hilo, maana bila hilo msomaji atashangaa kwa nini tunakipima kitabu cha watawa kwa mizani ya wavuvi.

SHAURI LETU

Masomo ya wakatekumeni yalikuwa Jumanne na Alhamisi, mara baada ya Misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo ilichaguliwa zamani na waalimu waliotutangulia, nasi hatukuuliza kwa nini. Ilikuwa saa njema kwa mtu wa biro, kwa mtu wa duka, na kwa mwenye shamba lililo karibu. Tulikuwa na daftari la majina. Aliyekosa mara 3 bila ruhusa, jina lake lilipigwa mstari. Hatukufanya hivyo kwa chuki. Tuliwaza kwamba mtu asiyeweza kumpa Mungu saa 2 kwa juma, atawezaje kumpa maisha yake?

Lakini kwetu watu wengi hula kwa njia ya sambaza. Samaki hawa wadogo si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, na tangu hapo wamekuwa mboga ya maskini na ya tajiri. Huvuliwa usiku. Wavuvi hufunga mitumbwi 3 pamoja, hutoka jua likishuka, huwasha taa juu ya maji. Samaki hukusanyika penye nuru, na wavu huinuliwa. Hurudi alfajiri. Saa hiyo wanawake wamekwisha kusimama pwani na mabeseni yao, kwa kuwa sambaza hawangoji. Wakipigwa na jua wanaharibika. Basi kengele ya Misa ililia saa ileile mitumbwi ilipofika pwani. Mwenye kuisikia alikuwa na wavu mkononi.

Kijana mmoja mvuvi alikosa mara 3. Tukapiga mstari. Hakuja kulalamika. Miezi michache baadaye upepo uliwashika usiku katikati ya ziwa, naye hakurudi pamoja na wenzake. Siku walipoupata mwili wake, mama yake, ambaye ni mwuzaji wa sambaza, alikuja mlangoni petu. Hakulia mbele yetu. Aliuliza tu: «Mwalimu, jina la mtoto wangu liko ndani ya kitabu?»

Tulifahamu maana ya swali hilo. Katika mambo ya mazishi, sheria ya Eklezya huwahesabu wakatekumeni pamoja na waamini. Lakini huyu tulikuwa tumemfuta sisi wenyewe. Hatukuweza kusema liko, wala hatukuweza kusema haliko. Tukampeleka mama kwa Padri Paroko, na daftari mkononi.

Padri aliutazama ule mstari. Akauliza kama kijana alikataa imani. Tukajibu hapana. Akauliza kama aliacha kusali. Mama akasema: «Padri, kila jioni walikuwa wanasali penye mtumbwi kabla ya kutoka. Na yeye ndiye alikuwa anaanzisha sala.» Hatukujua neno hilo. Padri akasema: «Basi huyu ni mkatekumeni. Mstari huu ni wa kalamu ya mwalimu, si wake.» Akamzika kwa sala za Eklezya.

Wiki hiyo ndipo tulipokitafuta kitabu cha Kanuni. Tulitaka kujua jinsi mtu aliyesifiwa kwa kupanga saa alivyozipanga, na kama tulikuwa tumemfuata yeye au tumejifuata sisi.

KITABU CHENYEWE

Benedikto alizaliwa Nursia, katika Italia, karibu na mwaka 480. Maisha yake tunayajua hasa kwa njia ya Papa Gregori Mkuu, aliyeyaandika miaka mingi baada ya kifo chake. Gregori anasimulia kwamba watawa fulani walimwomba Benedikto awe abate wao, yaani baba na mkubwa wao. Alipowabana kwa maagizo yake walichukia, wakatia sumu ndani ya divai yake. Akabariki chombo kwa ishara ya msalaba, kikapasuka. Akawaacha, akaenda zake bila kuwalaani. Baadaye ndipo alipojenga nyumba ya Monte Cassino, mahali ambapo tunaambiwa aliandika Kanuni.

Sisi tunaiona habari hii ya chombo kuwa ufunguo wa kitabu. Mtu aliyeandika sheria hizi alikuwa amekwisha kuona yanayotokea, sheria inapokuwa nzito kuliko mabega. Hakuacha kuwa mkali. Mwenye kusoma ataona adhabu nyingi. Lakini katika maneno yake ya kuanza anatumaini kwamba hataagiza neno lolote gumu kupita kiasi, na katika sura ya kazi anasema mambo yote yafanyike kwa kadiri, kwa ajili ya walio dhaifu.

Tena, Kanuni haikuanguka kutoka mbinguni. Wataalamu wengi wa siku hizi wanakubali kwamba Benedikto alichukua sehemu kubwa ya maneno yake katika kanuni nyingine ya zamani, ndefu kuliko yake, ya mtu asiyejulikana jina. Alichukua, akapunguza, akageuza kwa kadiri ya watu wake. Jambo hili halimpunguzii sifa. Anayefikiri kwamba ratiba ya parokia haiguswi kwa sababu wazee waliiacha hivyo, na akumbuke ya kuwa Benedikto mwenyewe aligusa ya wazee wake.

YALIYO MEMA NDANI YAKE

Jambo la kwanza: sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati katika kukisoma. Mzungu akisoma katika sura ya 48 habari ya saa ya nne na saa ya sita, hana budi kufanya hesabu. Sisi hatuna haja. Warumi walihesabu saa tangu macheo, kama sisi. Saa ya sita yao ni saa sita yetu, jua likiwa kichwani. Basi tunaona siku ya watawa wazi kabisa: tangu Pasaka hata mwanzo wa Oktoba, kazi ya mikono tangu asubuhi hata karibu saa nne, kusoma tangu saa nne hata karibu saa sita, chakula na pumziko, sala ya saa tisa ikiletwa mbele kidogo, karibu saa nane na nusu, kisha kazi tena hata sala ya jioni. Wakati wa baridi mpango unageuka. Wakati wa Kwarezima unageuka tena. Kwao siku ya baridi ni fupi na siku ya joto ni ndefu, na abate hasemi na jua.

Hapa ndipo tuliposimama kusoma, tukaona haya. Tulidhani Benedikto ni baba wa ratiba isiyogeuka. Kumbe ni mtu aliyegeuza ratiba yake mara 3 kila mwaka, kwa kufuata nuru na shamba! Hata saa ya chakula inatazama kama ndugu wana kazi shambani na kama jua ni kali. Sisi, tunaokaa karibu na ikweta, hatuna siku fupi na siku ndefu. Lakini tuna mvua na kiangazi, tuna siku za soko, na wavuvi wana mwezi. Tulikuwa na saa moja tu kwa mwaka mzima, tukaiita utii.

Jambo la pili: anajua tofauti kati ya shabaha na njia. Akiisha kupanga zaburi zipi zisaliwe siku ipi, anasema katika sura ya 18 kwamba mtu asiyependezwa na mpango huo apange kwa namna nyingine anayoiona bora, mradi zaburi zote 150 zisaliwe kila juma. Tazama vizuri. Zaburi 150 hazipungui hata moja. Mpango wake mwenyewe, alioutolea sura nyingi, anakubali uvunjwe. Waalimu wangapi wa dini tunaweza kusema hivyo? Wengi wetu tunalinda saa na kupoteza fundisho.

Jambo la tatu, nalo ndilo lililotuchoma: sura ya 43, juu ya wanaochelewa. Anataka kengele ikilia kila mtu aache alichoshika na kwenda upesi, maana kazi ya Mungu haipitwi na kitu. Ni amri kali. Lakini papo hapo anaagiza zaburi ya pili ya sala ya usiku isemwe polepole sana, ikivutwa, ili wenye kuchelewa wapate kufika kabla haijaisha. Na aliyechelewa zaidi? Asimame mahali pa mwisho, aone haya, lakini aingie. Anaeleza sababu: akibaki nje, labda atarudi kulala, au atakaa chini kupiga porojo, na yule mwovu atapata nafasi. Basi aingie, asipoteze yote. Tena katika sura ya 29 mtawa aliyeondoka kwa kosa lake aweza kupokelewa hata mara ya 3. Mara 3 za Benedikto ni za kupokea, na mara 3 za daftari letu zilikuwa za kufukuza.

Jambo la nne ni juu ya vyombo. Katika sura ya 31 anamwagiza mtunza ghala aviangalie vyombo na mali yote ya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Anasema habari ya majembe, sufuria na nguo. Katika sura ya 35, ndugu waliopika juma zima wanarudisha vyombo vikiwa safi na vizima, na wanafua vitambaa ambavyo wenzao wamejipangusia. Tena kabla ya chakula wapishi hao wanapewa mkate na kinywaji kidogo, ili wahudumu bila kunung'unika. Sisi tunapenda sana akili hii. Kwake sala haitengwi na kazi kama vyumba 2 vyenye ukuta katikati. Anayeosha sufuria yumo bado ndani ya nyumba ya Mungu. Na mwenye kuhubiri habari hiyo anakumbuka ya kuwa mpishi ana njaa.

NENO WATU WANALOMSINGIZIA

Ile methali ya kusali na kufanya kazi, ambayo tuliibeba tangu seminari, haimo ndani ya Kanuni. Tumetafuta, haimo. Ilitungwa baadaye ili kufupisha mafundisho yake, na ufupisho huu umeacha nje kitu cha tatu: kusoma. Tumekwisha kuona saa anazozitoa kwa kusoma kila siku. Tena wakati wa Kwarezima kila ndugu anapewa kitabu chake, akisome chote tangu mwanzo.

Hilo si dogo kwetu katika Kongo. Neno «kazi» lina historia nzito hapa. Babu zetu walihesabiwa kwa vikapu vya mpira. Baba zetu wengine waliamshwa kwa king'ora cha migodi. Watu wengi waliambiwa kwamba kazi ni sala, na aliyewaambia hivyo alikuwa na faida katika kazi yao. Mtu mwenye sala na kazi tu, bila kitabu, ni rahisi kumtumikisha. Mtu anayesoma Injili kwa macho yake huanza kuuliza maswali. Mtakatifu Benedikto aliwapa watawa wake kitabu mkononi katikati ya siku ya kazi. Wanaomsifu kwa jembe na wasahau kitabu, wanamsifu nusu.

MAHALI KITABU KINAPOTUACHA

Sasa tuseme na mapungufu, maana kusifu tu si kupima.

Kwanza, kitabu hiki hakijui mke, wala mume, wala mtoto mgonjwa usiku. Ratiba yake ni ya watu waliokubali wote kuamka kwa kengele moja. Mama mwenye watoto 6 hapangi saa zake. Anapangiwa na tumbo na homa. Akijaribu kuishi sura ya 48 nyumbani, ataona dhambi pasipo dhambi. Tumewaona wakristu wa namna hiyo, wenye moyo mwema, wanaojilaumu kila jioni kwa sala zisizotimia, na walikuwa wameshinda siku wakimlisha mwenye njaa.

Pili, katika sura ya 57 anaagiza kazi za mikono za watawa ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko bei ya watu wa dunia, ili tamaa isiingie na Mungu atukuzwe. Kwa watawa ni shauri jema. Mtawa akishusha bei, jioni chakula chake kipo mezani. Mjane anayeuza sambaza hawezi. Akishusha bei hatanunua beseni la kesho, tena atawaharibia wajane wenzake waliopanga naye soko. Kwake haki ya soko ni kipimo kizima na samaki asiyeoza. Hapa tusimfuate Benedikto kwa neno, tumfuate kwa shabaha.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kitabu chote kinasimama juu ya abate. Ndiye mwenye kuangalia kengele, ndiye mwenye kugeuza saa, na anaonywa mara nyingi kwamba atatoa hesabu mbele ya Mungu kwa ajili ya kila roho. Lakini mtu akiwa na mkubwa asiyemwogopa Mungu? Kitabu kinasema machache. Au asiye na mkubwa yeyote ila njaa? Hakisemi.

Kwa swali hilo Mungu alitupa majibu mengine hapa kwetu. Mwenye heri Isidori Bakanja alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alikuwa kijana wa kazi, kwanza msaidizi wa waashi, kisha mtumishi katika shamba la mpira. Mkubwa wake alichukia skapulari aliyoivaa na sala alizowafundisha wenzake, akaamuru apigwe kwa kiboko kikali hata mwili ukafunguka. Aliteseka miezi mingi, akamsamehe, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yoane Paulo wa 2 alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Bakanja hakuwa na mtu wa kumpangia saa ya sala. Alisali ndani ya kazi ya mtu mwingine, kwa saa zilizobaki.

Na Goma, kando ya ziwa letu hili hili, alikuwapo Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana wa miaka 26, mwenye kazi katika ofisi ya serikali ya kuchunguza bidhaa. Watu walitaka apitishe vyakula vilivyoharibika, wakamwahidi fedha. Alikataa, kwa kuwa watu wangevila. Wakamwua mwezi wa Julai 2007. Alitangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Huyu hakufa akiwa kanisani. Jambo lililomtoa uhai lilikuwa ndani ya kazi yenyewe: mzigo wa chakula, karatasi ya ruhusa, na jina lake ambalo hakutaka kuliandika chini ya uongo. Mtunza ghala wa sura ya 31 angemfahamu mara moja.

SISI WATU WA SURA YA 50

Je, basi tukifunge kitabu, tukiwaachie watawa? Hapana. Maana ndani yake mna sura moja fupi sana, mistari michache tu, ambayo wasomaji wengi huipita. Ni sura ya 50. Inasema habari ya ndugu wanaofanya kazi mbali, wasioweza kufika kanisani kwa saa yake. Abate akiona kwamba ni kweli, wasali palepale wanapofanya kazi, wapige magoti kwa kicho cha Mungu. Na walio safarini vilevile: wasiache saa zipite, wasali kwa kadiri wanavyoweza.

Sura hii kwa watawa ni ya watu wachache, siku chache. Kwa parokia zetu ni ya karibu watu wote, siku zote. Mvuvi yuko mbali. Mama wa soko yuko mbali. Dereva wa pikipiki, mchimbaji, mwuguzi wa usiku, sentinele mlangoni pa tajiri, wote wako mbali saa kengele inapolia. Sisi waalimu tulikuwa tukiwapima kwa sura ya 43, nao ni watu wa sura ya 50. Na Benedikto hawahesabu hao kuwa wamekosa. Anawahesabu kuwa wamesali.

Yule kijana aliyeanzisha sala penye mtumbwi alikuwa ameitimiza sura ya 50 bila kuisikia. Sisi tulioisikia seminari ndio hatukumwona. Sura hiyo inataka kwanza abate aone kama ni kweli. Nasi, tuliokuwa na kazi ya kuona, hatukushuka pwani hata siku moja.

TULIYOGEUZA

Padri Paroko alitutuma tuende ziwani tukaulize, wala tusiende na mpango tayari. Katika sura ya 3 Benedikto anataka wote waitwe katika shauri kubwa, hata walio wadogo. Tukakaa juu ya mitumbwi, tukauliza: «Ninyi mnapumzika lini?» Mzee mmoja akacheka, akasema: «Mwalimu, uulize mwezi.»

Ndivyo tulivyojifunza jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake inaenea juu ya maji yote, na taa ya mvuvi haina nguvu ya kukusanya samaki. Siku hizo wavuvi wengi hawatoki. Wanashona nyavu, wanatengeneza taa, wanalala. Kila mwezi Mungu huwapa siku kadhaa za kupumzika, nasi tulikuwa tunawaita siku nyingine.

Sasa masomo ya wavuvi hufuata mwezi: siku 4 mfululizo za mbalamwezi, jioni, somo refu, pwani penyewe. Masomo ya wanawake wa sambaza ni saa nne ya asubuhi, samaki wakiwa wamekwisha kuuzwa na mabeseni yameoshwa. Sura za katekismo hazikupunguzwa hata moja. Hizo ndizo zaburi zetu 150. Na daftari lipo bado, maana bila daftari tungesahau watu. Lakini akikosa mtu mara 3, hatupigi mstari. Tunamwendea.

Tusiseme kwamba yote yamekuwa mazuri. Mwalimu mmoja mzee ameona tunawabembeleza watu, na hoja yake ina uzito: mtu aliyezoea kuendewa aweza kusahau kuja. Wako waliokosa hata siku za mbalamwezi, na pombe ndiyo iliyowazuia, si wavu. Hao Benedikto angewaadhibu, nasi tunawaonya. Kuigeuza saa hakuwapi ruhusa ya kutokuja. Kunaondoa tu udhuru wa uongo, ili ule wa kweli uonekane.

Yule mama naye huja saa nne. Hukaa nyuma, karibu na mlango, beseni likiwa miguuni. Tukiita majina asubuhi ile, yeye huitika la kwake, kisha husikiliza mpaka orodha iishe.

SHAURI KWA MSOMAJI

Anayetaka kukisoma kitabu hiki asianze mbele, atachoka kwa sura za zaburi. Aanze na sura ya 50, halafu 48, halafu 43, halafu 31. Akiisha, arudi kwenye maneno ya kuanza, maana yatakuwa matamu zaidi. Na katekista mwenzetu asome akiwa na ratiba ya parokia yake pembeni, akijiuliza kila ukurasa: saa hii niliichagua kwa ajili ya nani? Ni nani asiyeweza kufika hata akitaka? Je, nimewahi kwenda kumwuliza?

Mtakatifu Benedikto alipanga saa ili watu wampate Mungu. Hakuwapanga watu ili saa zitimie. Tukiyakumbuka hayo, kitabu cha watawa wa Italia kitatufaa hata pwani ya Kivu. Tukiyasahau, tutabaki na kengele na kalamu nyekundu, na siku moja mama mwingine atakuja mlangoni kuuliza habari ya jina.

Mungu atusamehe majina tuliyoyafuta, atupe na miguu ya kushuka ziwani.